Kopo la dawa na daftari la sukari: Familia ilivyoipima dawa ya mitishamba

Katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, dawa ya mitishamba haitafutwi. Inakuja yenyewe. Italetwa na jirani, au na shemeji aliyetoka safari, au itaingia usiku kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikiwa na picha ya mzee anayetabasamu. Mlonge, muarobaini, uwatu, mdalasini, karela, maji ya bamia, magome yasiyotajwa jina: kila moja ina shuhuda wake, na mara nyingi shuhuda huyo ni mtu anayeaminika.

Swali linalozisumbua familia nyingi ni namna ya kujua kama dawa iliyoletwa inafanya kazi kweli, au mgonjwa anapoteza fedha na muda huku macho, figo na miguu vikiharibika kimyakimya.

Familia moja ya Mbagala, jijini Dar es Salaam, iliamua kulitafutia jibu swali hilo kwa daftari la mistari na mashine ndogo ya kupimia sukari. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miezi mitatu, ikawagombanisha mara mbili, na jibu walilolipata halikuwa lile ambalo upande wowote ulilitarajia.

Kopo laingia nyumbani

Mama wa familia hiyo ana miaka 63. Aligundulika kuwa na kisukari aina ya pili miaka sita iliyopita na anatumia vidonge vya metformini vya miligramu 500, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Anaishi na mwanawe wa mwisho ambaye ni fundi magari, pamoja na mkwewe na wajukuu wawili. Binti yake wa kwanza ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari na anakaa mtaa wa pili.

Kopo lilinunuliwa na yule kijana. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia wenye harufu ya magome, wa kunywa kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Muuzaji alimhakikishia kwamba ndani ya siku 40 mama yake ataagana na vidonge. Bei yake ilimeza kipato chake cha karibu siku nne za gereji.

Mwalimu alipofika Jumapili na kulikuta kopo mezani, alitaka likatupwe. Mdogo wake hakukubali.

“Dada, wewe umeleta nini?” alimuuliza. “Mama anaumwa tumbo kila akimeza vile vidonge, na sukari haishuki. Mimi angalau nimeleta kitu.”

Ubishi huo ulikuwa na historia ndefu kuliko kopo lenyewe. Baba yao naye alikuwa na kisukari. Kuna kipindi alikunywa dawa ya mizizi kutoka kwa mganga wa kijijini kwao. Baadaye kidole cha mguu kikapata kidonda, kidonda kikapanda, na mguu ukakatwa chini ya goti. Alifariki miaka miwili baada ya hapo.

Mwalimu siku zote aliamini kwamba mizizi ndiyo iliyomponza baba yake. Mama aliamini tofauti: mumewe aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja. Kwa miaka tisa hakuna aliyelisema hilo mbele ya mwenzake. Siku ile ya kopo lilisemwa, tena kwa sauti ya juu, mpaka wajukuu wakatolewa nje.

Aliyeumaliza ugomvi ni mama mwenyewe. “Msigombane juu yangu kama vile nimeshakufa,” alisema. “Mwanangu, wewe shuleni mnapima kila kitu. Basi kapime na hiki.”

Kanuni nne

Hatua ya kwanza ilikuwa kulipeleka kopo kliniki pamoja na mgonjwa, jambo ambalo familia nyingi hazilifanyi kwa kuogopa kugombezwa. Daktari alilifungua, akalinusa, akalifunga.

“Mama, sikushauri uinywe, kwa sababu sijui humu ndani mna nini,” alisema. “Lakini kama utainywa hata nikikukataza, ni bora uinywe nikiwa najua.”

Aliagiza kwanza kipimo cha figo na cha ini, kwa kuwa hivyo ndivyo viungo vinavyobeba mzigo wa dawa yoyote, iwe ya kiwandani au ya porini. Vilikuwa salama. Akaagiza pia kipimo kinachoandikwa HbA1c, ambacho wagonjwa wengi wanakiita kipimo cha miezi mitatu. Sukari inapokuwa nyingi kwenye damu hujishikiza kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo huishi kwa takriban siku 120. Kwa hiyo kipimo hicho huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na mtu hawezi kukidanganya kwa kujinyima chakula siku moja. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kuwa chini ya asilimia 7. Mama alikuwa na 9.8.

Kisha zikaandikwa kanuni nne kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Ya kwanza, vidonge haviachwi. Unga ungeongezwa juu ya vidonge, usichukue nafasi yake.

Ya pili, wiki mbili za mwanzo mama asinywe unga kabisa, apimwe tu kila asubuhi kabla ya kula. Kijana aliona ni kupoteza muda. Mwalimu akamweleza kwamba sukari hupanda na kushuka yenyewe, na watu wengi huanza dawa mpya siku wanapokuwa na hali mbaya kuliko kawaida. Baada ya siku mbaya sana, mara nyingi hufuata siku yenye nafuu. Asiyepima kabla ataipa dawa sifa ya nafuu ambayo ingekuja hata bila dawa.

Ya tatu, kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Ya nne, kuwe na mpaka wa kusimama. Sukari ikishuka chini ya 4, au ikipita 15 asubuhi mbili mfululizo, kila kitu kinasimama na mama anapelekwa kliniki.

Daktari aliongeza angalizo moja kuhusu mashine. Hata mashine nzuri ya nyumbani inaruhusiwa kukosea kwa takriban asilimia 15. Ikisoma 10, sukari yenyewe inaweza kuwa 8.5 au 11.5. Ndiyo maana hawakutakiwa kushangilia wala kulia kwa namba ya siku moja. Walitakiwa kuchukua wastani wa wiki nzima.

Kazi ya kuandika alipewa mkwe. Ukurasa wa kushoto aliandika namba za sukari na dawa. Ukurasa wa kulia aliandika alichokula mama na kama alitembea.

Furaha ya wiki ya sita

Katika wiki mbili za mwanzo, bila unga, wastani wa asubuhi ulikuwa 12.4. Wiki ya tatu unga ukaanza. Ndani ya siku kumi namba zilianza kushuka, na kufikia mwisho wa wiki ya sita wastani ulikuwa 9.1.

Nyumba nzima ilifurahi. Mama alisema miguu imekuwa myepesi na usiku haamki mara nne tena kwenda msalani. Kijana aliagiza makopo matatu mengine, moja likiwa la mjomba wao wa Mkuranga ambaye naye anaumwa sukari. Mwalimu alikaa na daftari jioni nzima akitafuta kasoro, na kwenye ukurasa wa kushoto hakuiona.

Aliiona kwenye ukurasa wa kulia. Kwa wiki mbili za mwanzo mkwe alikuwa ameandika chai ya maziwa yenye sukari, maandazi, wali wa usiku, na soda siku za wageni. Kuanzia siku unga ulipoanza, vyote vilikuwa vimetoweka. Badala yake kulikuwa na chai kavu, mayai, mboga za majani nyingi, ugali wa kiasi cha ngumi moja, na kutembea nusu saa alfajiri.

Alipomuuliza wifi yake, alijibiwa bila wasiwasi wowote. Kopo lilikuja na karatasi ya masharti. Muuzaji alisema bila masharti dawa haikubali. Yeye aliyafuata yote, kama mkwe mwenye adabu anavyofanya.

Hapakuwa na aliyedanganya. Lakini kanuni ya tatu ilikuwa imevunjwa tangu siku ya kwanza. Vitu viwili vilianza asubuhi moja, unga na masharti, na daftari halikuweza kusema ni kipi kilichoshusha sukari.

Walikubaliana kuvitenganisha. Kwa wiki mbili mama angeendelea na masharti yote na vidonge vyake, ila kopo likae kabatini. Mama hakulipenda jambo hilo. “Mtu amepata nafuu, mnamnyang’anya dawa,” alilalamika, lakini akakubali.

Wiki ya saba na ya nane, bila unga, wastani ulikuwa 9.0.

Kijana alitoa hoja ambayo hata dada yake aliiheshimu. Alisema huenda dawa bado imo mwilini na itachukua muda kutoka. Ni kweli zipo dawa za namna hiyo. Wakaongeza wiki mbili nyingine.

Wiki ya tisa ilianza vizuri. Kisha namba zikageuka: 10.7, 11.8, 13.2, 14.6.

“Mmeona?” kijana alisema. Hakusema kwa kejeli, alikuwa na hofu. “Dawa imetoka mwilini. Mrudishieni mama kopo lake.”

Jioni ile mwalimu alikaribia kuamini. Chakula hakikuwa kimebadilika, matembezi yalikuwepo, mama hakuwa na homa wala kidonda. Kitu pekee kilichoonekana kukosekana ni unga.

Vidonge 32

Kesho yake alimwomba mkwe amletee kifuko cha vidonge. Kliniki ilikuwa imempa mama vidonge 60 vya mwezi mmoja, na ilikuwa siku ya 23. Kwa vidonge viwili kwa siku, vilipaswa kubaki 14. Mwalimu alivihesabu mara mbili juu ya kitambaa cha meza. Vilikuwa 32.

Mama alikuwa barazani akichambua mchicha. Binti yake alikaa kwenye mkeka karibu naye, akaanza kumsaidia kuchambua.

“Mama, vidonge vimezidi,” alisema baada ya muda.

Mama hakuinua macho. Aliendelea na mchicha mpaka fungu likaisha. Kisha akaeleza. Muuzaji alikuwa amempigia simu kuuliza kwa nini hawajanunua kopo jingine la kwake. Alipoelezwa kuhusu daftari, akamwambia kwamba vidonge ndivyo vinavyoipiga vita dawa, na kwamba akiviacha, hata nguvu ya unga aliokwisha kunywa itarudi. Siku hiyo hiyo mama aliacha. Zilikuwa zimepita siku tisa.

Lakini simu ile ilikuta mlango uko wazi. Kwa miaka sita vidonge vilikuwa vikimharisha. Alikuwa ameacha kwenda kwenye vikao vya kikoba kwa kuogopa kuomba msalani kila mara. Hakuwahi kumwambia daktari. “Yule ni kijana wa umri wa mdogo wako,” alisema. “Nikamweleze mambo ya tumbo langu?”

Akanyamaza kidogo, halafu akasema kile alichokibeba muda mrefu. “Na baba yako alimeza vidonge hivi hivi. Vilimsaidia nini?”

Kwa mara ya kwanza mwalimu hakujibu kwa hasira. Aliuliza kama kadi ya kliniki ya baba bado ipo. Mama akaingia ndani, akaitoa kwenye sanduku la chini ya kitanda, imefungwa pamoja na vyeti vya mazishi.

Waliisoma wakiwa wameketi mkekani. Mahudhurio matatu ya mwanzo yalikuwa yameandikwa vizuri, yakiwa na namba za sukari. Baada ya hapo palikuwa na miezi saba isiyo na chochote. Mstari uliofuata ulikuwa wa kidonda.

Kadi haikusema kama katika miezi ile saba mzee alikunywa mizizi tu, au vidonge tu, au vyote, au hakuna. Haikusema sukari yake ilikuwa ngapi, kwa kuwa hakuna aliyempima. Kwa miaka tisa mama na binti yake walikuwa wametofautiana kimoyomoyo juu ya jambo ambalo hakuna kati yao aliyekuwa na namba yake hata moja.

Wiki hiyo mama alirudi kliniki, na safari hii aliingia chumbani na mkwewe, ambaye ndiye aliyemsemea habari ya tumbo. Daktari hakushangaa. Kuharisha na tumbo kusokota ni matatizo yanayofahamika sana ya metformini. Yapo mambo mawili yanayosaidia: kuimeza pamoja na chakula badala ya tumbo likiwa tupu, na kutumia vidonge vya aina inayoyeyuka polepole. Mama alikuwa akimeza vya asubuhi kabla ya kula chochote, akidhani ndivyo inavyotakiwa. Alibadilishiwa, akaanza kumeza dozi yake wakati wa chakula cha jioni.

Ndani ya wiki mbili tumbo lilitulia, na wastani wa asubuhi ukarudi kwenye 8.6. Mwishoni mwa mwezi wa nne kipimo cha HbA1c kilirudiwa. Kutoka 9.8 kilikuwa kimeshuka hadi 7.9, pamoja na zile siku tisa za kuacha dawa.

Daftari lisichoweza kupima

Mwalimu hana haraka ya kusema wamethibitisha kwamba unga ule haufai. Daftari lilimpima mtu mmoja, na mtu huyo alijua siku anayokunywa na siku asiyokunywa. Wanachoweza kusema ni kwamba kwa mama yao, kulipotolewa unga hakukubadilika kitu, na kulipotolewa vidonge kulibadilika.

Wataalamu hufanya jambo hilo hilo kwa upana zaidi. Mmea hupimwa kwanza maabara, kisha kwa panya ambao kongosho lao limeharibiwa kwa kemikali ili wapate kisukari. Mimea mingi sana hushusha sukari ya panya, na hapo ndipo matangazo mengi huishia. Hatua ngumu hufuata: watu wengi wanagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wanapewa dawa, nusu wanapewa kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hajui amepata kipi, na anayempima hajui. Wote hupewa ushauri mmoja wa chakula, ili masharti yasije yakajibeba sifa za dawa.

Karela na mdalasini zimepitia mizani hiyo. Mwaka 2012 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kuchambua tafiti za tiba duniani, ilitoa mapitio kuhusu kila moja. Kwa karela zilikuwepo tafiti nne zenye washiriki 479, na kwa mdalasini tafiti kumi zenye washiriki 577. Hitimisho likawa kwamba ushahidi hautoshi kuzipendekeza kwa ajili ya kutibu kisukari aina ya pili.

Hiyo haina maana kwamba mti hauwezi kuwa dawa. Metformini yenyewe, kidonge ambacho mama wa Mbagala alikikimbia, ina asili yake kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Kiini cha mmea huo kiligundulika kushusha sukari, lakini kilikuwa na sumu. Wakemia wa Dublin walitengeneza metformini mwaka 1922, na ilikuwa mwaka 1957 ndipo daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Marekani haikuiruhusu hadi katikati ya miaka ya 1990. Safari ya kutoka kwenye mti hadi kwenye kidonge ilikuwa ya miongo mingi, na sehemu kubwa yake ilikuwa ni kupima.

Hapa nyumbani pia kazi hiyo ipo. Kitengo cha utafiti wa tiba asili cha Muhimbili kilianzishwa mwaka 1974 na leo ni taasisi kamili. Ipo pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Kuuliza namba ya usajili ni haki ya mnunuzi. Muuzaji wa Mbagala alipoulizwa, alijibu kwamba dawa yake ni ya ukoo.

Mazoea ya kuamini ushuhuda kuliko namba si ya familia moja. Mwaka 2011 watu kutoka kila pembe ya nchi, na nje ya nchi, walipanga foleni ya magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa Sh500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyowapeleka huko. Ushuhuda ulisikika nchi nzima. Namba za sukari za kabla na baada hazikusikika kwa sauti hiyo.

Kuna hatari nyingine ambayo hata daftari zuri linaweza lisiione mapema. Dawa inayouzwa kama mitishamba inaweza kuwa imechanganywa na dawa ya hospitali kwa siri. Mwaka 2008 nchini Singapore watu wapatao 150, ambao hawakuwa na kisukari, walifikishwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya. Wengi wao walibainika kutumia dawa haramu za nguvu za kiume zilizokuwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Wanne walifariki. Kwa hiyo unga unaoshusha sukari kwa kasi ya ajabu, hasa kwa mtu anayetumia vidonge pia, unapaswa kumtia mtu wasiwasi kabla ya kumpa furaha.

Dalili za sukari kushuka kupita kiasi ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Mgonjwa aliye na fahamu apewe haraka vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mtoto hafanyiwi jaribio

Wapo wazazi wanaosoma habari kama hii wakimfikiria mtoto wao. Kwao hakuna nafasi ya daftari la majaribio. Watoto wengi wenye kisukari wana aina ya kwanza, ambayo mwili hautengenezi tena insulini. Mama wa Mbagala aliacha vidonge siku tisa, sukari ikapanda, akarudi akiwa hai. Mtoto wa aina ya kwanza akikatishwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Hakuna mti, maji wala unga uliothibitishwa kuchukua nafasi ya sindano hiyo.

Mtoto anayekunywa maji kupita kawaida, anayekojoa mara kwa mara au aliyeanza upya kukojoa kitandani, anayekonda na kuchoka, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kutoa harufu kama ya matunda mdomoni, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Makopo matatu

Mambo hayajanyooka yote katika nyumba ile. Kijana bado anaamini unga ulisaidia kidogo, na dada yake ameacha kumbishia. Wamekubaliana tu kwamba hakuna atakayemwambia mama aache kidonge bila kupitia kliniki. Stripu za mashine ni ghali, kwa hiyo sasa anapimwa mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Mama amerudi kwenye kikoba.

Majani ya mlonge anayala bado, kama mboga, na daktari anajua.

Makopo matatu yaliyonunuliwa wiki ya sita yalikaa juu ya kabati mpaka mjomba wa Mkuranga alipopiga simu kuuliza lake litafika lini. Kijana alimtazama dada yake. Dada yake akamtazama mama. Mama akaichukua simu.

“Kaka, nitakutumia ile karatasi ya masharti, uifuate yote kama nilivyofuata mimi,” alimwambia. “Chupa wala kopo usingoje. Na niambie kwanza, vidonge vyako vimebaki vingapi?”